Ngazi ya nyumba haipimwi kwa macho: hesabu ya kufanya kabla ya kumwaga betoni

Bukavu, Goma, Butembo, Uvira, Bunia: kila mahali nyumba za etaje zinaendelea kuota. Parsele zimekuwa ndogo, bei ya udongo imepanda, na mwenye kutaka nafasi anatafuta juu. Lakini ukiuliza mwenye kujenga ni wapi ngazi itapita, mara nyingi jibu ni lile lile: « Eskalie tutaiona kiisha, kwanza tumalize dali. »

Kiisha dali inamwagwa, tundu la ngazi linabaki dogo, na fundi analazimika kubana eskalie katika nafasi iliyosalia. Matokeo yanaonekana katika nyumba nyingi: vikanyagio virefu kama ukuta, kimoja sentimita 17, kingine 22, cha mwisho 12, kona ambayo kitanda hakipiti, dari inayogonga kichwa, hakuna chuma cha kushikilia. Watu wa nyumba wanazoea. Lakini mgeni, mtoto, mama mja-mzito na mzee hawazoei. Na siku ya moto ao ya tetemeko la udongo, hata aliyezoea anakimbia bila kuangalia mguu.

Ndiyo maana ngazi haipashwi kuwa kazi ya mwisho. Inapimwa kwenye karatasi, pamoja na kuta na vyumba, mbele hata sima ya kwanza haijafunguliwa.

Hesabu ya miaka zaidi ya 300

Kuna kanuni moja ambayo wajenzi wanatumia tangu karne ya 17. Ilitolewa na François Blondel, mkubwa wa chuo cha ujenzi cha mfalme wa Ufaransa, katika masomo yake yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1675. Aliangalia namna mtu anavyotembea: kuinua mguu juu kunachosha karibu mara mbili kuliko kuupeleka mbele. Kwa hiyo, kimo cha kikanyagio kinahesabiwa mara mbili, kiisha unaongeza nafasi ya mguu kulala. Jumla inapashwa kuwa sawa na hatua moja ya mtu wa kawaida.

Leo hesabu hiyo inasema hivi: kimo mara 2, kuongeza nafasi ya mguu, ni kati ya sentimita 60 na 64. Kimo kizuri ni kati ya sentimita 16 na 18. Nafasi ya mguu ni kati ya 27 na 30.

Chukua mfano wa nyumba ambayo toka sakafu ya chini mpaka sakafu ya juu kuna mita 3. Sentimita 300 ukizigawanya kwa 18 unapata karibu 16,7. Hicho ndicho kimo cha kila kikanyagio. Mara mbili ni 33,4. Ukiongeza nafasi ya mguu ya sentimita 30, unapata 63,4. Hesabu imekubali. Mtu atapanda bila kuhema, na mama mwenye bidon ya lita 20 atashuka bila kutafuta mahali mguu unafika.

Sasa, fundi mwenye kubana nafasi anafanya nini? Anachukua kimo cha sentimita 20. Mita 3 zinapandwa kwa vimo 15 tu. Lakini ili hesabu ikubali, nafasi ya mguu inashuka mpaka 23. Kiatu cha mtu mzima ni kirefu kuliko hapo. Kisigino ndicho kinakanyaga, vidole vinabaki hewani. Ni kweli, ngazi hiyo inakula mita 3,22 za urefu, na ile nzuri inaomba mita 5,10. Mwenye nyumba anaona amepata faida ya karibu mita 2. Faida hiyo ni ya siku ya kujenga. Hasara yake ni ya kila siku.

Kuna kosa lingine dogo linaloharibu ngazi nyingi. Fundi anapima toka sakafu mpaka dari, anasahau unene wa dali na wa shape na makaro yatakayokuja juu. Anapofika mwisho, sentimita 5 zinazidi ao zinapungua, na kikanyagio cha mwisho hakifanani na vingine. Hapo ndipo watu wanaanguka, kwa sababu mguu unapanda kwa kumbukumbu. Ukishapanda vikanyagio vitatu, mwili umeshika kipimo. Macho hayaangalie tena. Tofauti ya sentimita 2 tu inatosha kumwangusha mtu. Vikanyagio vyote vifanane: kama sheria ni moja tu katika ngazi, ni hiyo.

Aina za ngazi na mahali zinafaa

*Ngazi ya moja kwa moja.* Inaanza chini, inaishia juu, bila kona. Ni rahisi kujenga, rahisi kupitisha kitanda, frigo ao mgonjwa. Ubaya wake: inaomba urefu, na mtu akianguka juu anabingirika mpaka chini. Kwa nyumba ya familia inakubalika. Kwa shule, ofisi ao jengo la watu wengi, ni vizuri kila vikanyagio 12 ao 15 kuwe na mahali tambarare pa kupumzikia. Mafundi wanapaita palie.

*Ngazi ya kona moja.* Inapanda, inafika kwenye palie, inageuka upande kama herufi L. Inafaa pale ambapo kuta mbili zinakutana, na inaacha katikati ya sebule wazi.

*Ngazi ya kurudi nyuma.* Inapanda nusu, inageuka kwenye palie, inarudi na kumaliza nusu ya pili juu ya upande ilikotoka. Kwa mita 3 zile za mfano, unapata vimo 9 na vimo 9. Kila upande una vikanyagio 8, sawa na mita 2,40. Ukiongeza palie ya mita 1,10, urefu wote ni mita 3,50. Upana ni karibu mita 2,20 kama kila upande una mita 1 na nafasi ndogo katikati. Ndiyo inafaa zaidi kwa parsele ndogo za miji yetu na kwa nyumba za etaje mbili, tatu ao nne, kwa sababu kila etaje ngazi inaanzia mahali pale pale. Mtu akianguka, palie inamsimamisha.

*Ngazi ya kona bila palie.* Hapa kona inapandwa kwa vikanyagio vya pembe tatu, vyembamba ndani na vipana inje. Inaokoa nafasi, lakini inaomba fundi anayejua kuchora. Nafasi ya mguu inapimwa kwenye mstari ambao watu wanapitia, karibu sentimita 50 toka upande wa ndani. Na hata upande wa ndani, kikanyagio kisiishe kuwa ncha. Kibaki angalau sentimita 10. Pale ambapo vikanyagio vyote vinakutana kwenye pointi moja, mtoto anayeshuka akishikilia upande wa ndani hana mahali pa kuweka mguu.

*Ngazi ya kuzunguka nguzo,* ile ya kolimaso. Inapendeza kwa macho, inakaa katika mviringo wa mita 1,40 ao 1,60. Lakini watu wawili hawapishani, brankari haipiti, jeneza halipiti. Inafaa kwenda kwenye terasi ao depo ndogo. Isiwe njia pekee ya kutokea ya nyumba yenye watu.

*Ngazi ya mbao.* Goma na pembeni yake, nyumba za mbao ni nyingi, na zile za etaje zinapandwa kwa ngazi ya mbao. Ni nyepesi, na juu ya udongo unaotikisika wepesi ni faida. Lakini inaomba madriye mbili nzima kwa pembeni, mbao za kukanyagia zisizo nyembamba kuliko sentimita 4, na skuru ao bulo pamoja na misumari. Misumari peke yake inalegea. Tena, jiko la makala lisikae chini yake hata siku moja: ikiwaka, wa juu hawana njia.

*Ngazi ya mawe ya inje.* Hii ndiyo ngazi ya Bukavu. Katika Kadutu, Bagira na sehemu nyingi za Ibanda, njia ya kufika nyumbani yenyewe ni ngazi, kwa sababu parsele imekaa kwenye mteremko. Adui wake mkubwa ni maji. Mvua ikinyesha, ngazi isiyo na mfereji pembeni inageuka kuwa mto, udongo chini ya mawe unaliwa, na kikanyagio kinabaki kinaning'inia. Dawa yake inajulikana: mfereji wa upana wa sentimita 30 ao 40 pembeni, kila kikanyagio kiinamishwe sentimita 1 mbele ili maji yasilale, na jiwe la chini kabisa lizikwe kwenye msingi, lisiwekwe tu juu ya udongo. Kwa inje, nafasi ya mguu iongezwe mpaka sentimita 32 ao 35, na kimo kishuke mpaka 14 ao 15.

Tundu la dali na kichwa cha mtu

Toka kikanyagio chochote mpaka dari ya juu yake, kunapashwa kuwa angalau mita 2, na mita 2,10 ni vizuri zaidi. Hapa ndipo tundu dogo linapoumiza watu.

Rudia kwenye mfano wa ngazi ya moja kwa moja ya mita 3, dali ikiwa na unene wa sentimita 20. Chini ya dali kunabaki mita 2,80. Kwenye kikanyagio cha 4, mtu ameshapanda sentimita 67. Juu ya kichwa chake kunabaki mita 2,13. Kwenye kikanyagio cha 5, kunabaki mita 1,97 tu. Maana yake, dali inaweza kufunika vikanyagio 4 vya kwanza. Toka cha 5 mpaka juu lazima kuwe wazi. Tundu litakuwa na urefu wa mita 3,90. Mwenye kuacha tundu la mita 2,50 kwa kuogopa kupoteza chumba, atapoteza ngazi.

Upana: mtu mmoja ni sentimita 60

Mtu mmoja anayetembea anaomba karibu sentimita 60 za upana. Watu wawili wanaopishana wanaomba mita 1,20. Katika nyumba ya familia, sentimita 90 ao mita 1 inaweza kutosha. Katika shule, kanisa, hoteli, kituo cha afya ao jengo la maduka, chini ya mita 1,20 ni hatari, na penye watu wengi sana inafaa kuwa na ngazi mbili, moja kila upande. Ngazi mbili zinazotokea kwenye mlango mmoja zinahesabiwa kama moja.

Mlango wa chini unaopokea watu ufunguke kuelekea inje. Watu wakisukumana nyuma ya mlango unaofunguka ndani, wa mbele hawezi kuuvuta. Na upana wa ngazi unahesabiwa ikiwa tupu: moto iliyopakiwa chini, mifuko ya makala, bidon za mafuta na kabati la muuzaji wa krediti ya simu vinakula upana ule ule uliolipwa kwa sima.

Betoni na fero: mahali pasipoonekana

Ngazi nyingi za etaje ni za betoni. Chini ya vikanyagio kuna dali iliyolala kwa mteremko. Mafundi wanaiita payasi. Ndiyo inabeba uzito wote. Kwa ngazi ya nyumba ya kawaida, unene wake ni kati ya sentimita 12 na 15, kupimwa bila vikanyagio. Fero kubwa zinapita chini ya payasi, kwa urefu, kwa sababu upande wa chini ndio unavutwa uzito ukiwa juu. Fero zikilazwa juu ao zikishuka kabisa mpaka kugusa mbao ya kofraje, kazi ni bure: za juu hazivutwi, za kugusa mbao zitapata kutu. Ziinuliwe na vipande vidogo vya betoni vya sentimita 2 ao 3.

Kuna mahali pamoja ambapo fundi asiyesoma plani anakosea bila mtu kuona: pale payasi inapofika kwenye palie ya juu. Wengi wanakunja fero ya chini ifuate umbo, toka mteremko mpaka palie, kwa fero moja. Ngazi ikibeba uzito, fero hiyo inavutwa na inataka kunyooka. Ikinyooka, inasukuma betoni ya chini na kuipasua. Namna nzuri ni kupishanisha: fero ya payasi inaendelea moja kwa moja mpaka upande wa juu wa palie, na fero ya palie inaingia ndani ya payasi. Zinapita kama mikono iliyokunjwa. Unene wa fero na nafasi kati yake unapimwa na injenieri kufuatana na urefu wa ngazi. Kukopia ya jirani haitoshi.

Kwa betoni yenyewe, kipimo kinachotumiwa ni kilo 350 za sima kwa mita kibi moja, ni kusema mifuko 7 ya kilo 50. Kwa kazi ya kila siku inakuja hivi: mfuko 1 wa sima, bruweti 1 ya mchanga, bruweti 2 za gravye, kama bruweti ina lita 60. Maji yasizidi kwa kurahisisha kumwaga; maji mengi ni betoni yenye matundu. Kiisha kumwaga, ngazi inyweshwe maji siku 7, na miti inayoshikilia chini ibaki wiki 3 ao 4. Haraka ya kutoa miti ili ihame kwenye nyumba nyingine imekwisha kupindisha ngazi nyingi.

Udongo wetu unatikisika

Majimbo ya mashariki yako kwenye bonde la ufa, na hilo linagusa ngazi moja kwa moja. Tarehe 3 mwezi wa pili 2008, siku ya Mungu asubuhi, tetemeko la kipimo cha 5,9 lilipiga Bukavu na upande wa Rusizi, Rwanda. Watu walikufa na nyumba nyingi zilipasuka. Mwezi wa tano 2021, baada ya volkano Nyiragongo kulipuka tarehe 22, Goma ilitikisika siku nyingi mfululizo, kuta zikafunguka, na tarehe 27 viongozi wakaomba wakaaji wa sehemu kubwa ya mji wahame.

Siku kama hizo, mwenye kukaa etaje ana njia moja tu. Ngazi iliyofungwa vibaya kwenye boriti za nyumba inaweza kuachana nazo mbele ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo fero za ngazi zianze kutoka kwenye msingi na kwenye boriti za dali wakati ule ule wa kumwaga, si kutobolewa baadaye. Na wakati udongo unatikisika, mtu asikimbilie ngazi: ajikinge chini ya meza ya nguvu ao mbali na madirisha, kiisha ashuke mtikiso ukisimama.

Chuma cha kushikilia, mwanga, na wasioweza kupanda

Upande wowote wa ngazi ulio wazi unaomba uzio. Kwenye vikanyagio, kimo chake ni sentimita 90. Kwenye palie na balkoni, mita 1. Nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 11, ili kichwa cha mtoto kisipite. Vyuma visimame wima. Vikilazwa, mtoto anavipanda kama ngazi nyingine.

Umeme ukikatika, ngazi ya ndani inakuwa shimo. Dirisha dogo kwenye palie ao matofali yenye matundu ukutani yanatosha kwa mchana. Makaro ya kung'aa yasitiwe kwenye vikanyagio. Yakilowa ni sabuni. Kama yameshatiwa, mstari wa mchanga na sima ao ukanda wa mpira kwenye ncha utazuia mguu.

Tena kuna wale ambao ngazi nzuri kabisa haiwasaidie. Sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu katika Congo. Kwa jengo la wote, mteremko wa kiti cha magurudumu uwe wa sentimita 8 kwa kila mita 1, si zaidi. Mlango ulioinuliwa kwa vikanyagio 3 vya sentimita 16 unaomba mteremko wa mita 6. Kama nafasi hiyo haiko, vyumba vya kupokea watu vibaki chini.

Kwa mwenye ngazi mbaya tayari

Si kila mtu ataweza kubomoa. Lakini kuna kazi za siku moja: kufunga chuma cha kushikilia; kupaka rangi nyeupe kwenye ncha ya kila kikanyagio, hasa kile kisichofanana na vingine; kutoa mizigo yote chini na juu ya ngazi; kusawazisha kwa shape kikanyagio cha kwanza kama ni kirefu; kufungua tundu la mwanga; kuchimba mfereji pembeni ya ngazi ya inje mbele ya mvua.

Na kwa anayejiandaa kujenga, mbele ya kumpa fundi franga za dali, ni kumuuliza maulizo matano: toka sakafu mpaka sakafu, na makaro ndani, ni mita ngapi? Vimo vitakuwa vingapi, na kila kimoja sentimita ngapi? Nafasi ya mguu ni ngapi? Tundu litakuwa na urefu gani? Fero kwenye palie ya juu zitapishana namna gani? Fundi anayejua kazi atajibu kwa kalamu na karatasi. Anayejibu « tutaona » anamwambia mwenye nyumba kwamba ngazi yake itapimwa kwa macho.